Ofisi Iliyo Kati ya Bucha na Duka la Mabati

Tarehe ishirini na nne Februari, saa nne na robo asubuhi, Mwalimu Genoveva alikuwa amesimama ndani ya duka la vifaa vya ujenzi la mzee Karmali, Gongo la Mboto, akiyahesabu mabati yake kwa mara ya sita tangu mwaka uanze. Yalikuwa arobaini na mawili, geji ishirini na nane kwa unene, yameegemezwa ukutani nyuma ya ndoo za rangi. Juu ya bati la mbele mzee Karmali alikuwa ameandika kwa chaki: MWL. GENOVEVA, CHANIKA. Kumi na manane yalikuwa yamelipiwa. Ishirini na manne yalikuwa bado.

"Kenchi zako zimekaa nje tangu lini, mama?" aliuliza mzee Karmali bila kuinua macho kwenye kikokotoo.

"Tangu Agosti, mzee wangu."

"Mbao itapinda hiyo. Mie nakwambia kabisa, masika ikiipiga itapinda. Na kiwanda kimeshanipigia simu, bei inapanda. Nakushikia kwa bei ya zamani mpaka mwezi ujao, tarehe kama ya leo. Zaidi ya hapo mie mwenyewe nitakula hasara."

Mwalimu Genoveva alimshukuru. Hakuwa na sababu ya kumlaumu, na hilo lilimuudhi, maana alikuwa anatafuta mtu wa kumlaumu tangu asubuhi. Alikuwa amefundisha darasa la nne kwa miaka ishirini na mitatu, akahama nyumba za kupanga saba, na sasa alikuwa na vyumba viwili na sebule kule Chanika, kuta zimepita madirisha zikafika kwenye lenta, kenchi za paa zimesimama juu zikibadilika rangi kila Jumapili alipokwenda kuziangalia. Alitaka paa kabla ya mvua. Hakutaka kingine.

Wala si kwamba hela haikuwapo. Mshahara wake uliingia benki kila mwezi bila kuchelewa. Kilichokosekana ni kadi ya kuutolea, na kadi ilikuwa mlango wa pili tu, kwenye droo ya Zubeda.

Ofisi ya Pumua Sasa Mikopo ilikuwa kati ya duka la mzee Karmali na bucha ya Marijani. Ilikuwa na bango la kijani, mlango wa kioo, feni mbili na benchi la watu wanane. Mtaa mzima uliiona. Wasioiona walikuwa watu wa serikali wakiwa kazini. Mtu akiwa na kitambulisho cha ofisi shingoni, alipofika pale aliona ukuta wa bucha umeungana na ukuta wa duka, na watu waliokuwa kwenye foleni ya Zubeda aliwaona wakingoja nyama. Ilikuwa hivyo tangu ofisi ifunguliwe, mwaka wa tano sasa, na watu walikuwa wameshazoea kama walivyozoea mgao wa maji. Mwenyekiti wa mtaa mwenyewe, mchana akiwa kwenye ziara, alipita hapo akazungumzia mitaro. Jioni akirudi na kandambili aliingia kulipa rejesho lake. Walimu waliiona muda wote, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwapa vitambulisho vya kuvaa shingoni. Marijani hakulalamika. Maafisa walipoona foleni ndefu namna ile waliamini nyama yake ni nzuri, wakanunua.

Mwalimu Genoveva alikopa hapo laki sita za mbao. Masharti yalikuwa yale yale ya walimu wote: uache kadi ya benki na namba yake ya siri. Kila tarehe ishirini na nne ofisi ilituma mtu alfajiri na furushi la kadi zilizofungwa mipira, akatoa mishahara, akairudisha, na Zubeda akakata cha ofisi na kumwekea kila mtu kilichobaki kwenye bahasha ya kaki. Mwalimu alisema ni ya miezi mitatu tu. Mwezi wa kumi na moja tangu akope akawa amelipa milioni moja na laki mbili, na Zubeda, binti mwenye adabu zake, alisimama, akampa mkono na kumpongeza kwa kumaliza deni.

"Naomba kadi yangu basi, mwanangu."

"Kadi ipo, mwalimu. Imebaki ada ya utunzaji tu."

"Utunzaji wa nini?"

"Wa kadi."

Ada ilikuwa laki nne na hamsini kwa mwezi. Ya mwezi ule ilikatwa palepale kwenye mshahara, ikaisha. Lakini ya mwezi uliofuata ilikuwa imeanza kuhesabika saa ileile, na kadi haikuweza kutoka ikiwa na ada juu yake. Siku hiyo, watoto walipokwisha kwenda nyumbani, Mwalimu Genoveva aliiandika hesabu hiyo ubaoni kama hesabu ya kutoa. Aliikokotoa mara nne. Hakuwahi kukutana na hesabu ya kutoa isiyo na mwisho, na mtaala wa darasa la nne haukuwa nayo.

Alikwenda benki kuomba kadi mpya. Benki walitaka karatasi ya polisi ya kupotelewa. Polisi wa zamu, kitambulisho shingoni, aliuliza kadi imepotelea wapi, na mwalimu, asiyejua kusema uongo mbele ya daftari, akasema haijapotea, ipo Gongo la Mboto kati ya bucha na duka la mabati. Polisi alisema eneo hilo analifahamu vizuri na hakuna kitu hapo. Mwalimu mwenzake, Tusajigwe wa shule ya jirani, alikuwa na moyo mgumu zaidi. Alisema imepotea, akapewa mpya. Aliiweka ndani ya Biblia yake. Mchana alipoifungua Biblia hakuikuta, na kwa Zubeda kulikuwa na stakabadhi yenye jina lake: kadi mbili, ada mara mbili.

Wiki ya kwanza ya Machi ikaja barua shuleni. Serikali ilikuwa inakusanya maoni ya wadau juu ya namna ya kudhibiti wakopeshaji wasiosajiliwa, na kata ilitakiwa kutoa mwakilishi mmoja wa wakopaji. Mwalimu mkuu aliangalia pande zote za chumba cha walimu, na walimu wote wakamwangalia Genoveva.

Mkutano ulikuwa mjini, katika ukumbi wa hoteli wenye ubaridi wa kumfanya mtu ajute kuacha sweta. Alipewa kalamu, chupa ya maji na karatasi ya kusaini posho. Bwana mmoja mwenye tai alisema wakopeshaji hawa wabanwe, wasajiliwe wote, riba iwekewe kikomo na anayeshika kadi ya mtu ashitakiwe. Mwalimu alitaka kupiga makofi. Kisha mama mmoja mtaalamu, kwa sauti ya upole, akauliza: ukiwabana wakafunga, mama lishe wa Temeke anayehitaji elfu hamsini leo saa sita ataipata wapi, maana benki itamwomba hati ya nyumba? Na hilo nalo lilikuwa kweli, mwalimu akakasirika kwa kuwa lilikuwa kweli. Wa tatu akasema kabla ya yote tufafanue maana. Je, ofisi isiyo kwenye rejista inaweza kusemwa kwamba ipo? Swali hilo lilichukua muda wote mpaka chakula cha mchana, na baada ya chakula likaendelea.

Mwalimu Genoveva aliinua mkono kwa muda mrefu kama mwanafunzi wa nyuma. Aliposimama alisema kwamba yeye anaijua moja ambayo ipo, ina bango la kijani na feni mbili, feni moja inapiga kelele.

"Tunashukuru sana kwa mchango, mwalimu," alisema mwenyekiti wa mkutano. "Tatizo ni kwamba timu yetu imefika eneo hilo mara tatu." Akaashiria, na picha ikatokea ukutani: bucha, ukuta, duka la mabati, na mbele ya ukuta foleni ya watu. Wa nne kutoka mwisho alikuwa Mwalimu Genoveva mwenyewe, na gauni lake la kitenge, akiangalia saa.

"Huyo ni mimi," alisema.

"Ulikuwa unanunua nyama, mwalimu?"

"Nilikuwa nachukua mshahara wangu."

Katibu aliandika kwamba mwakilishi wa wakopaji ni mteja wa bucha hiyo. Mwalimu aliona akiandika. Alijisikia kumnyang'anya kalamu, akakumbuka umri wake, akakaa. Hata hivyo mwenyekiti alikuwa mtu wa haki, akaagiza uhakiki wa nne, ripoti isomwe mkutano utakapokutana tena tarehe ishirini, na kazi hiyo akapewa kijana aitwaye Benson.

Benson alifika Gongo la Mboto Jumatano ya katikati ya Machi. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, shati limepigwa pasi vizuri, viatu vimelika upande mmoja, na kitambulisho kwenye kamba ya bluu. Alimwamkia mwalimu, akamwamkia mzee Karmali, kisha akaenda moja kwa moja pale palipokuwa na mlango wa kioo na kuweka kiganja chake juu yake.

"Ukuta, mwalimu," alisema kwa masikitiko. "Tofali la inchi sita, limepigwa lipu."

Ndani, Zubeda aliinua macho, akaona kiganja kwenye kioo chake, akaendelea kuandika.

"Hebu vua hicho kitambulisho, mwanangu."

"Haturuhusiwagi kuvua tukiwa kazini."

"Joto hili lote?"

Benson alifikiri. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho chini ya kamba. Mzee Karmali alimsogezea sahani ya mizani yake ya misumari. "Weka hapa, kijana. Mie nitakutunzia, tena bure."

Benson akavua. Aligeuka, akalitazama bango, akaisoma hata namba ya simu iliyokuwa chini. "Kumbe la kijani kweli," alisema.

Aliingia na daftari lake. Alihesabu feni, akahesabu benchi, akaandika kurasa mbili, akaomba kuona droo, na Zubeda akamfungulia bila kinyongo: kadi mia tatu na kitu, zimepangwa kwa alfabeti. Alitoka amefurahi. Lakini alipovaa kitambulisho, kurasa zote mbili zilikuwa nyeupe. Alikivua, maandishi yakarudi. Alikivaa, yakaondoka. Alifanya hivyo mara tatu kwa uangalifu, kama mtu anayejaribu swichi.

"Ishu ni hii, mwalimu," alisema mwishowe. "Nikiwa kazini, haipo. Nikiwa siko kazini, nilichokiona siyo cha kazi."

"Lakini umeiona."

"Nimeiona kama Benson. Ripoti haiandikwagi na Benson, inaandikwa na ofisi."

Mwalimu Genoveva alikuwa amesahihisha majibu ya watoto kwa miaka ishirini na mitatu na alijua jibu baya lililopangwa vizuri likoje. Alivuta pumzi. "Basi njoo mkutanoni bila hicho kitu. Simama mbele yao kama Benson, useme ulichokiona. Kadi mia tatu, mwanangu. Sema hivyo tu. Mabati yangu yananisubiri mpaka tarehe ishirini na nne."

Benson aliyaangalia mabati, akalisoma jina lile la chaki. "Nitasema," alisema, na mwalimu akamwamini, kwa sababu wakati ule Benson alikuwa anasema kweli.

Kisha akasema anarudi ndani mara moja kuhakiki namba ya simu. Mwalimu alimsubiri barazani. Zikapita dakika tano, zikapita ishirini. Kupitia kioo alimwona amekaa kwenye kiti cha mbele, anazungumza, na Zubeda amekunja mikono anamsikiliza, kama alivyomsikiliza mwalimu siku alipokopa. Zubeda alikuwa msikilizaji mzuri kuliko wote Gongo la Mboto. Hakuna aliyeweza kumnyima sifa hiyo. Benson akatoa pochi. Mwalimu aligonga kioo. Akagonga tena kwa funguo. Zubeda aligeuka akamwonyesha kwa heshima kwamba kuna mtu, asubiri zamu yake.

Alipotoka alikuwa na bahasha ya kaki.

"Mke wangu anajifungua wiki ijayo, mwalimu. Na posho zetu za kazi za nje hatujalipwa tangu Desemba." Alikuwa hamwangalii usoni. "Ni ya mwezi mmoja tu."

Hasira ilimpanda mwalimu mpaka masikio yakapiga kelele, akatafuta wa kumtupia. Kijana huyu? Zubeda, aliyekuwa ameajiriwa tu, tena baba yake amelazwa hospitali? Mzee Karmali, aliyekopa hapo baada ya duka kuungua na anayelipa kila Jumatatu? Hasira ikakosa pa kutua, ikarudi ikakaa mahali pake pa siku zote. Akamwambia Benson ampe mama mtoto mchuzi wa samaki, unasaidia maziwa.

Tarehe ishirini Machi Benson alikwenda mkutanoni bila kitambulisho, kama alivyoahidi. Mlinzi wa hoteli alimzuia mlangoni: bila kitambulisho haingii mtu. Walibishana. Mwalimu Genoveva, aliyekuwa amefika mapema na sweta, alitoka kumtetea, akaambiwa arudi akakae kabla naye hajatolewa. Ndani walikuwa wameshaita jina la Benson mara mbili. Benson akaitoa kamba ya bluu mfukoni, akaivaa, akaingia.

Alisimama mbele ya kipaza sauti. Aliomba maji, akanywa chupa nzima. Alilifungua daftari, akaangalia kurasa mbili nyeupe, akazigeuza, akaangalia nyuma yake.

"Nilifika eneo husika," alisema. "Niliona bucha. Niliona duka la vifaa vya ujenzi."

"Na katikati?" aliuliza mwenyekiti, ambaye alikuwa mtu wa haki.

Benson alijaribu. Mwalimu alikuwa safu ya pili na alimwona akijaribu: mdomo ulifunguka, shingo ikatanuka ndani ya ile kamba, jasho likamtoka kwenye ubaridi ule. Mkono wake ukapanda mpaka kwenye kitambulisho, ukakishika. Halafu mkono wa pili ukagusa pochi yake mfukoni, mahali ilipokuwa kadi zamani, na wa kwanza ukashuka.

"Ukuta," alisema.

Wajumbe walimpongeza kwa kazi ya uwandani. Bwana mwenye tai alisema hii inaonyesha udhibiti uliopo unafanya kazi. Mama mtaalamu akasema inaonyesha udhibiti zaidi hauhitajiki. Ikawa mara ya kwanza kwa wawili hao kukubaliana. Ikaundwa kamati ndogo ya kufafanua maana, ikutane robo ijayo ya mwaka. Mwalimu Genoveva alisema kwa sauti, bila kipaza sauti na bila kupewa nafasi, kwamba wote wamekaa kwenye kiyoyozi wanaujadili mshahara wake kana kwamba ni hadithi. Katibu alimwomba arudie taratibu ili aandike. Hakurudia. Alisaini posho, akarudi kwake.

Tarehe ishirini na nne alikuwa barazani kwa mzee Karmali saa mbili asubuhi. Mawingu yalikuwa yametanda kutokea upande wa Pugu.

"Mpaka saa kumi, mama," alisema mzee Karmali. "Nimemwambia mteja mwingine aje na pikapu saa kumi. Kumi na manane yako hayaguswi, hayo ni yako. Hayo mengine..." Akachukua kitambaa, akaanza kufuta vumbi kwenye ndoo za rangi zisizokuwa na vumbi.

Foleni ilikuwa imefika bucha. Benson alikuwa wa tatu kutoka mbele, amevaa fulana na ndala. Alipomwona alitoka mahali pake.

"Shikamoo, mwalimu. Tangulia hapa."

"Marahaba. Mama mtoto mzima?"

"Mzima. Tumepata wa kike."

"Mungu amkuze," alisema mwalimu, akasimama mbele yake. Gari la halmashauri lilipita polepole, na aliyekaa mbele, kitambulisho shingoni, akateremsha kioo akamwuliza Marijani kilo ni shilingi ngapi.

Ndani, feni moja ilikuwa inapiga kelele. Zubeda alimwamkia, akaitoa bahasha yake. Laki tatu na kumi. Mabati tisa, kumi akibembeleza. Mwalimu aliihesabu mara moja tu.

"Zubeda, mwanangu, naomba kadi yangu."

"Ada ya mwezi huu imeshalipwa, mwalimu. Ya mwezi ujao ndiyo imeanza asubuhi hii."

"Najua. Naomba niione tu."

Zubeda aliangalia mlangoni, akaangalia foleni. Kisha akafungua droo, akaipata kwenye herufi G, akamwekea kiganjani. "Ishike kidogo," alisema kwa sauti ya chini. "Ila usiondoke nayo, mie nitakatwa."

Mwalimu Genoveva aliishika kwa vidole viwili. Pembe moja ilikuwa imeanza kubanduka kwa mpira wa kufungia. Jina lake lilikuwa lote, halikukosewa herufi. Aliligusa kwa kidole gumba, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama alivyowafundisha watoto kusoma. Nyuma yake foleni ilingoja, hakuna aliyemharakisha. Akairudisha, na Zubeda akamshukuru.

Hapo mvua ikaanza. Ilianza yote kwa pamoja, na watu waliokuwa nje wakasukumana kuingia, wakajaa chini ya zile feni, wengine wamekaa kwenye benchi, wengine wamesimama, Benson akiwa ameubana mfuko wa bamia kifuani. Nje, kupitia kioo, pikapu ilikuwa imefika mapema, na vijana wawili walikuwa wanapakia mabati wakiwa wamejifunika magunia. Ilikuwa mvua kubwa. Chanika inatangulia kupata kabla ya Gongo la Mboto, kwa hiyo kule ilikuwa imeshanyesha kwa muda.

Hakuna tone lililoingia ndani. Mwalimu Genoveva aliinua uso akasikiliza. Mwaka mzima wa kwenda na kurudi kwa mzee Karmali ulikuwa umemfundisha kuyatofautisha mabati kwa mlio. Juu ya ofisi ile lilikuwa bati la geji ishirini na nane, kama yale yake.